Zimbul na Zaburi za Nyuma ya Mlango

Zimbul Arditti alikuwa mshona magodoro. Mtu akiwa na binti anayeolewa pale mtaani Ohel Moshe, au hata mitaa ya jirani ya Yerusalemu, alimwita Zimbul, naye alikuja na fimbo yake ya kupigia sufu, akakaa uani siku mbili akiipiga mpaka ikapumua, kisha akaishona kwa sindano ndefu kama kiganja. Kusoma hakujua. Wanawake wa rika lake hawakupelekwa shule, na yeye hakuona haya kwa hilo.

Mumewe, Bekhor, alikuwa fundi wa kupaka bati sufuria za shaba, kazi aliyorithi kwa baba yake, mzee Rahamim, aliyeishi nao. Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka aliacha moto wa kiwandani, akabaki na zaburi. Alikuwa kwenye kikundi cha watu wa kawaida, wachukuzi, wauza mkaa na washona viatu, waliokutana sinagogini kabla ya jua na kusoma zaburi za siku. Zaburi mia moja na hamsini wamezigawa kwa siku thelathini za mwezi, siku hii hizi, siku ile zile, na mwezi ukiisha wanaanza upya. Mzee Rahamim akirudi nyumbani alizirudia zote kwa sauti, chumba cha mbele, kana kwamba Mungu hakusikia vizuri mara ya kwanza. Upande wa pili wa mlango ndiko kulikuwa na jiko, na huko Zimbul alikuwa akikaanga vitunguu, akikanda unga, akimsuka nywele binti yake Vida. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka kumi na minne.

Vita vikuu vya dunia vilipoanza, jeshi la Sultani aliyetawala nchi lilikuja kwanza kuchukua sufuria za shaba, nyumba kwa nyumba. Fundi wa kupaka bati akabaki bila cha kupaka. Miezi michache baadaye wakamchukua na fundi mwenyewe. Hawakumpa bunduki, walimpa sululu, akatengeneze barabara kusini, jangwani.

Asubuhi ya kuondoka, Bekhor alisimama mlangoni na kifurushi chake.

"Usilie mbele ya mtoto," alisema.

"Nani analia? Ni vitunguu."

"Vitunguu viliisha Jumatatu, Zimbul."

"Basi nalilia vitunguu. Nenda, utachelewa, watakupiga."

Akaenda. Ilikuja barua moja, iliyoandikwa na mtu mwingine, ikisema ni mzima na kwamba viatu vimekwisha. Baada ya hapo, kimya.

Wiki moja kabla ya Pasaka iliyofuata wakaja nzige. Jua lilififia mchana, na sauti ilikuwa kama ya mvua juu ya mabati. Walikula mizeituni, wakala mizabibu, wakala hata gome la mtini wa uani. Zimbul na wanawake wenzake walifunika kisima cha ua kwa mashuka ili wasitumbukie na kuoza majini. Baadaye ikatoka amri kwamba mayai ya nzige yafukuliwe na kupimwa kwa uzito, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa, wanawake walitoka na majembe kwenda kwenye mawe ya mabondeni.

Oro, mjane aliyekaa chumba cha pili uani, alichimba karibu na Zimbul siku nzima na hakufunga mdomo.

"Wayahudi wa Yemen wanawachoma nzige, wanawala. Nimewaona kwa macho yangu. Wamenenepa."

"Wao wana ruhusa ya wazee wao kula nzige, sisi hatuna."

"Na sisi tuna nini?"

"Tuna mizizi. Chimba."

"Tutakufa njaa, mwenzangu, lakini tutakufa na adabu zetu."

Kiangazi cha mwaka huo ndipo lilipojulikana jambo lililofichika nyuma ya mlango. Njaa ilikuwa imeanza kumla mzee Rahamim kichwani. Kitabu chake alikishika, lakini macho yalikuwa yamefifia zamani, na kwa kweli alikuwa akisoma kwa kumbukumbu, akipindua kurasa kwa heshima tu. Asubuhi moja, siku ya kumi na tatu ya mwezi, alianza ile zaburi ya sitini na tisa, ya mtu anayemwambia Mungu amwokoe kwa kuwa maji yamemfika shingoni. Akasema maji. Akasema shingo. Akanyamaza. Akaanza tena: maji, shingo. Kimya.

Zimbul alikuwa akichambua majani ya mwituni, chakula chao cha siku hizo. Bila kuinua macho akasema kwa Kiebrania, kupitia mlango, neno baada ya neno: nimezama kwenye tope refu, wala pa kukanyaga sina.

Kule chumbani kitabu kikafungwa.

"Nani amesema hivyo?" mzee aliuliza.

"Mimi, baba. Samahani."

"Endelea."

Akaendelea. Akafika mwisho wa zaburi bila kukwama, na majani yakiwa bado mikononi. Mzee akaja akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Nani amekufundisha?"

"Wewe, baba. Unapiga kelele kila siku."

"Na maana yake unaijua?"

"Hapa na pale. Mengine najua sauti tu."

Mzee akavuta kigoda, akaketi jikoni, mahali ambapo hakuwahi kuketi tangu siku mkewe alipofariki. Tangu asubuhi hiyo walifanya kazi pamoja. Yeye akisahau, Zimbul alimkumbusha. Zimbul akisema asichokielewa, mzee alimweleza kwa Kihispania cha nyumbani, lugha waliyoongea wazazi wao na wazazi wa wazazi wao. Ndipo Zimbul alipogundua alichokuwa akikisikia miaka yote ile. Alidhani ni sifa tupu, nyimbo za watu walioshiba. Kumbe nusu yake ni malalamiko. Watu wanamgombeza Mungu, wanamuuliza amelala au vipi, wanamwambia adui anacheka.

"Inaruhusiwa kusema naye hivi?" aliuliza.

"Imeandikwa. Tena Daudi alikuwa mfalme, mtu wa adabu."

"Mimi nilidhani kumtumaini Mungu ni kunyamaza."

"Anayenyamaza ni aliyekata tamaa, binti yangu. Aliyekata tamaa hana haja ya kuuliza."

Ila palikuwa na zaburi moja waliyogombana juu yake, ya kumi na tatu, inayosomwa siku ya pili ya mwezi. Ni fupi. Inaanza na mtu anayeuliza hadi lini, hadi lini, mara nne, na inaisha mtu huyohuyo akisema ameuamini wema wa Mungu na kwamba atamwimbia. Zimbul aliisema mpaka katikati, akafunga mdomo.

"Malizia," mzee alisema.

"Siwezi. Bekhor sijui yuko wapi. Vida analala na njaa. Niseme naimba? Nitakuwa namdanganya Mungu usoni."

Alitarajia kukaripiwa. Mzee alijikuna ndevu tu.

"Basi ishia hapo ulipofika. Usiseme usichonacho. Lakini mwezi ujao anza tena mwanzo, usianzie katikati."

"Na mwezi ujao nikikwama tena?"

"Kwani kitabu kinakwenda wapi?"

Akakwama mwezi uliofuata, na uliofuata tena. Ikawa ni kawaida yao; siku ya pili Zimbul aliuliza mara nne zake, akaishia, na mzee akamalizia peke yake kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kisha kila mtu alirudi kwenye shughuli zake. Magodoro hayakushonwa tena, bali yalifumuliwa. Watu waliuza sufu yao kupata unga, na Zimbul ndiye aliyeitwa kuifumua, wakamlipa kwa kikombe cha shayiri. Alifumua magodoro mengi aliyoyashona mwenyewe, pamoja na lake.

Mwaka wa pili wa vita, homa ya chawa iliingia mitaani. Walikufa watu wa nyumba nzima nzima. Ilimpata Vida kwanza, akiwa na miaka tisa. Zimbul alimkata nywele zote, akachemsha nguo, akamwosha kwa maji ya siki, na siku kumi na mbili mtoto hakumtambua mama yake. Mzee Rahamim aliambiwa akakae kwa Oro. Alikataa.

"Nimeshaishi miaka sabini na moja. Niogope chawa?"

Akakaa miguuni pa mjukuu wake, akamshika kisigino, na kusema zaburi alizozikumbuka, zisizo za siku hiyo, zikichanganyikana. Vida akapata jasho, akafumbua macho, akaomba maji. Siku iliyofuata mzee akaanguka.

Mwili wa mzee haukuwa na nguvu ya kupigana. Siku ya tano ya homa yake ilikuwa siku ya pili ya Adari, mwezi wa Kiyahudi. Mchana, akiwa na akili zake kidogo, aliuliza leo ni tarehe ngapi. Zimbul akamwambia.

"Tusome basi."

Zimbul akaanza na ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Midomo ya mzee ilikuwa ikimfuata. Akaanza ya kumi na tatu. Aliuliza mara nne. Akafika katikati, mahali pake pa siku zote, akanyamaza ili mzee amalizie. Mzee hakuweza. Alifungua mdomo, ulimi ukamgomea. Alimtazama Zimbul, si kwa kumlazimisha, bali kama mtu aliyebeba mzigo mzito na kumwona mtu mwingine mlangoni.

Zimbul akasema yaliyobaki. Aliyasema polepole, neno kwa neno, kwa sababu mzee alikuwa anayahitaji na mwenye mdomo alikuwa yeye. Alipomaliza hakuhisi furaha. Alisikiliza moyoni kama amedanganya, akaona hapana, hakudanganya. Hakujua kwa nini. Akaendelea na ya kumi na nne.

Mzee Rahamim alifariki kabla ya jua kuzama. Wachukuzi wawili wa kikundi chake, waliokuwa wamebaki mjini, walimbeba mpaka Mlima wa Mizeituni.

Baada ya hapo wakaanza kuja watu wa kutaka kusomewa, Oro akiwa wa kwanza. Alikuja na uvimbe shingoni, akakaa kwenye kigoda cha jikoni.

"Nisomee."

"Mimi si hakhamu, Oro, sikusomea dini. Mimi ni mshona magodoro."

"Mahakhamu wote wana homa. Nisomee wewe."

"Nikisoma usipopona utanilaumu."

"Nisipopona nitakulaumuje? Nitakuwa nimekufa."

Akamsomea. Uvimbe ulipasuka wenyewe wiki ile, na Oro alitangaza uani na kisimani kwamba Zimbul ana mkono wa baraka. Zimbul alikasirika. Alisema wazi, na aliendelea kusema maisha yake yote, kwamba zaburi si dawa ya jipu. Vida alisomewa akapona, baba mkwe akasomewa akafa, na zilikuwa zaburi zilezile. Lakini mtu akimwita, alikwenda. Aliketi kando ya kitanda, akamuuliza mgonjwa: "Una hasira, au una hofu?" Mwenye hasira alisomewa za hasira. Mwenye hofu alisomewa za mwamba na ngome. Kama mtu hakuwa na lolote, alimsomea ya themanini na nane, ile inayoanza kwenye shida na kuishia gizani bila faraja yoyote. Wanawake wengi walishangaa kuwa imo kitabuni. Mmoja alilia akasema, kumbe yupo mwingine.

Waingereza waliingia mjini wakati wa sikukuu ya taa, mwaka wa nne wa vita. Unga ukarudi, kidogokidogo, na wanaume waliobaki hai wakaanza kurudi pia. Bekhor hakurudi. Zimbul hakuwa mke wala mjane. Kwa sheria yao asingeweza kuolewa wala hata kukaa matanga bila shahidi wa kifo cha mumewe.

Shahidi alikuja mwaka uliofuata, mtu wa Hebroni aitwaye Siman-Tov Kapeluto, aliyevunja mawe pamoja na Bekhor. Alieleza mbele ya mahakama ya marabi, kisha akaja uani kueleza tena. Bekhor alikufa kwa homa kwenye hospitali ya Birsheba, miaka mitatu iliyopita, kabla hata ya baba yake. Siman-Tov alimfumba macho mwenyewe.

"Alisema kitu?" Zimbul aliuliza.

"Alisema ana kiu. Tulimpa maji."

"Yalikuwa mazuri?"

"Yalikuwa maji ya kule, dada. Lakini alikunywa."

Habari ya kifo ikichelewa hivyo, sheria haidai siku saba za matanga. Inadai saa moja. Zimbul akararua ukosi wa gauni lake, akavua viatu, akaketi sakafuni. Vida alikaa karibu naye. Oro alileta dengu na mayai ya kuchemsha, akasimama pale akiwa hajui pa kuweka mikono.

"Saa moja," Oro alisema. "Kwa mume! Mimi hata paka wangu nilimlilia siku mbili."

"Nimemlilia miaka minne, Oro. Hii saa ni ya kumalizia tu."

"Na ulikuwa unamwomba Mungu amrudishe, huku mtu ameshakufa. Haikuumi?"

"Inaniuma. Nitamwambia."

"Utamwambia nani?"

"Mungu mwenyewe, nani tena! Nitamwambia leo hii. Kwani nina mwingine wa kumgombeza?"

Alikaa mpaka saa ilipotimia, akala yai moja, na nusu ya dengu akampa Vida. Kisha akavaa viatu. Mtaa wa pili kulikuwa na harusi wiki ile, ya kwanza baada ya muda mrefu, na mama wa bibi harusi alikuwa ameshatuma sufu mbichi magunia mawili. Ilikuwa imeloweshwa na bado ina miiba ndani. Zimbul aliimwaga uani juu ya shuka, akamwita Oro aje ashike upande wa pili, wakaanza kuichambua.