Visahani Ishirini Katika Friji ya Kileleshwa

Mama mdogo alifanya kazi ya nyumbani mtaa wa Kileleshwa, Nairobi, kwa familia ileile moja, tangu nikiwa darasa la pili. Ndiye aliyenilea mamangu alipofariki, na kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha chuo kikuu. Mimi ndiye niliyemfanya aipoteze, Jumamosi moja asubuhi, kwa sababu ya stika.

Chuo chetu kiko katikati ya jiji. Tulikuwa wanafunzi sita wenye kiherehere, tukaungana na kundi la chuo kingine cha Westlands kuwafundisha watu baiolojia sintetiki, yaani ufundi wa kumpa kiumbe mdogo kama bakteria maagizo mapya, ili atoe rangi au dawa. Watu waliiogopa, nasi tulijiona ndio wa kuwatoa hofu. Tulipewa ukumbi wa kanisa Westlands siku ya Jumamosi, tukaalika shule za sekondari. Wenzetu wangeleta bakteria wa rangi, wasio na madhara. Sisi tungeleta visahani vya jeli ya mwani, visafi kabisa, wanafunzi wachore picha juu yake kwa bakteria hao.

Ijumaa friji ya maabara yetu ikaharibika. Jeli haitaki joto, na Kileleshwa haiko mbali na Westlands, kwa hiyo nikavipeleka visahani kwa mama mdogo.

"Si hizi ndio zile wadudu zako?" aliniuliza mlangoni, mikono imejaa unga wa chapati.

"Hapana, mama mdogo. Hakuna kitu ndani. Ni jeli tu."

"Na unajua vile mwenye hii nyumba yuko."

"Kesho asubuhi nitakuwa nimezitoa."

Aliniamini. Akaviweka kwenye droo ya chini kabisa, chini ya sukuma wiki. Stika hata sikuzifikiria. Maabara yetu ilikuwa na sheria kwamba kisahani hakitoki mezani bila alama ya hatari, ile ya manjano yenye pembe nyeusi, nami kwa kujifanya mwanafunzi mwema nilikuwa nimevibandika vyote ishirini mapema, kabla hakijawekwa chochote ndani. Kwetu ilikuwa adabu ya kazi, kama kunawa mikono.

Nilipofika kesho yake, mama mdogo alikuwa ameketi nje ya geti na mifuko miwili. Mwajiri wake alikuwa ametafuta mboga, akaviona visahani inchi chache kutoka kwa maziwa ya mtoto wake. Alikuwa ameshavitupa, na picha za visahani hivyo zilikuwa zinazunguka katika kikundi cha WhatsApp cha majirani.

Nikabisha. Alitoka mwenyewe, na kusema kweli hakupiga kelele.

"Kama haina kitu, hiyo alama uliweka ya nini?"

Lilikuwa swali zuri. Wiki nzima nilikuwa nimefanya mazoezi ya kujibu watu wenye hofu, na majibu yakanitoka yote kwa mpigo: bakteria, jeni, bakteria tena. Kila neno lilimrudisha nyuma hatua moja.

"Niko na mtoto mdogo," akasema, akafunga geti.

Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Nilijichukia mimi, na hiyo digrii yangu.

Mama mdogo hakuwa na pa kukaa akingoja basi la jioni la kwenda kwao Kitui, nikaenda naye ukumbini. Aliketi safu ya nyuma, mifuko miguuni. Bila visahani hapakuwa na kuchora, na wenzetu wa Westlands wakanuna, haki yao. Nikapewa kipaza sauti nijaze pengo. Nilizungumza vizuri siku hiyo, na hilo ndilo linaloniuma. Wanafunzi walicheka panapochekesha. Mwalimu mmoja alisimama akasema hofu imemtoka.

Tulipotoka nje, mama mdogo akaniambia, "Sasa nimeelewa. Hazikuwa na kitu." Alitembea kidogo, kisha akasimama. "Niandikie hivyo kwa karatasi. Nikitafuta kazi ingine, nionyeshe watu."

Niliandika palepale, karatasi juu ya goti, kwa Kiswahili chepesi. Nilieleza jeli, stika, friji, na kwamba kosa lote lilikuwa langu. Viongozi wa makundi yote mawili wakatia sahihi. Aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake.

Alirudi Nairobi baada ya mwezi, akaomba kazi nyumba nne, zote mbali na mtaa ule. Kila mahali aliitoa barua kabla ya kuulizwa, maana mama mdogo hajui kuficha jambo. Kila mahali waliisoma mpaka mwisho, wakamshukuru, wakamwambia watampigia simu, na hakuna aliyepiga. Ilinichukua muda kupata ujasiri wa kumuuliza kama watu hao walikuwa wameziona zile picha.

"Picha gani?" akasema. "Hao hawakuwa wanajua chochote. Mimi ndio niliwapatia barua yako."