Ukingo wa Ngoma ya Baba

Nina kiburi, sifichi. Nilipokuwa nasoma shahada ya pili ya hisabati Dar es Salaam, niliamini hakuna mlinganyo wa mawimbi utakaonishinda. Kazi yangu ilikuwa kutabiri kwa hesabu sauti za kitu kinachonyumbuka kinapopigwa. Msimamizi wangu, mama asiyecheka ovyo, akanipa sharti: nilete ngoma halisi, nitabiri sauti zake, kisha tuipige. Hesabu zikikataa, kazi nzima naitupa na mwaka narudia.

Ngoma niliitoa nyumbani Bagamoyo. Aliyeiwamba ni baba. Ngoma za kwaya ya kanisani kwetu zote ni za mkono wake. Mwenzangu wa chumbani alipouliza mbona nusu ya ukingo ina vigingi na nusu ina kamba, nilimjibu nimeinunua sokoni, labda fundi aliishiwa vigingi. Niliona aibu. Ngoma za vitabuni zimekazwa pande zote.

Basi nikaandika kwamba ngozi imekazwa pande zote, ukingoni haitikisiki hata chembe. Tulipoipiga na mwenzangu kwa majaribio, kabla ya kumpelekea msimamizi, sauti zilitoka chini kuliko nilivyotabiri. Nikarudia hesabu wiki tatu. Nikailaumu ngozi, nikailaumu simu iliyorekodi, nikamgombeza hata mwenzangu huyo kwa kufunga mlango.

Jumamosi nikarudi nyumbani nimenuna. Baba alikuwa uani anawamba nyingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona uso hivyo, umefiwa?"

Nikamweleza. "Na hizi kamba zako, baba! Kwa nini usipigilie vigingi tu, yaishe?"

Hakukasirika. Alinikumbusha kwamba kanisani walikatazwa kuwasha moto wa kukausha ngoma, na masika ngozi hulegea. Ndiyo maana upande wa mpigaji huweka kamba na kijiti: ngozi ikilegea katikati ya misa, mpigaji anakisokota kijiti, inakaza.

"Weka kidole hapa," akasema, akaipiga.

Upande wa vigingi ulitulia. Upande wa kamba, ukingo ulipanda na kushuka chini ya kidole changu. Nimezaliwa nyumba ile, nimezicheza ngoma zile, na kidole sikuwahi kukiweka pale.

Nikaanza upya na masharti mawili ya mpakani. Penye vigingi, ngozi haisogei. Penye kamba inasogea, na kadiri inavyosogea ndivyo kamba inavyoivuta irudi. Kuyaweka yote mawili kwenye ngozi moja kulinila miezi miwili, maana pale kigingi cha mwisho kinapopakana na kamba ya kwanza hesabu zilivurugika kila mara. Siku hesabu zilipokubali, sauti tano za kwanza zililingana na za ngoma, nikapiga kigelegele peke yangu maktaba.

Siku ya kutetea kazi baba alikuja na suti yake ya kwaya, akakaa nyuma. Mwenzangu yule wa chumbani naye alikuwepo. Mtahini mmoja akauliza kwa nini nimejitafutia taabu. Ukingo wote ungepigiliwa, hesabu si ingekuwa nyepesi?

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma: "Samahani, mwalimu. Ukiupigilia wote, siku ya mvua kwaya itaimbia nini?"

Watu wakageuka. Mtahini akauliza huyo ni nani.

"Ni baba yangu," nikasema, nikimtazama mwenzangu. "Ngoma ameiwamba yeye. Sikuinunua sokoni."