Chumvi ya Buleusa

Nilipomkuta Mama Godelieve katika kambi ya Kashuga, alikuwa amekaa miaka tisa ndani ya nyumba ambayo bado aliiita "ya kupita". Ukuta mmoja ulikuwa wa mianzi, tatu za turubai, na mlango ulielekea upande wa Walikale, eneo la kwao. Aliuweka hivyo makusudi.

"Nikiamuka, nione kwetu kwanza," aliniambia.

Kilichoonekana ni kilima kimoja chenye ng'ombe wa mtu mwingine, na juu yake mawingu. Kwao, kijiji cha Buleusa, kulikuwa mbali, siku tatu kwa miguu kwa mtu mwenye mzigo. Huko mashamba ya mihogo na ndizi huishia pale msitu unapoanza. Mumewe, Barthélemy, mkulima aliyekuwa pia akitega wanyama, alizikwa huko mwaka mmoja kabla ya bunduki kuwatimua. Mama Godelieve alikimbia na binti yake Solange, sufuria mbili, na kifurushi cha majani ya mgomba kilichotoshea kiganjani. Ndani ya kifurushi kulikuwa na chumvi.

Haikuwa chumvi ya dukani. Wanawake wa kwao huikausha mimea ya majimaji na maganda ya ndizi, huichoma mpaka iwe majivu meupe, kisha huyaweka majivu ndani ya kitunga kilichotandikwa majani na kuyamwagia maji kidogo kidogo. Maji yanayodondoka chini ni ya rangi ya chai. Yakichemshwa hadi yakauke, huacha tonge la kijivu, gumu, lenye ukali unaobaki ulimini. Msichana akiolewa, mama yake humfungia tonge moja aende nalo, na chakula cha kwanza anachompikia mume hutiwa chumvi ile. Godelieve alipewa lake na mama yake, naye akajifunza kutengeneza jingine kabla lile halijaisha, kama inavyotakiwa.

Huko Kashuga aliitafuta mimea ile miaka yote. Aliipata kandokando ya kijito, mifupi na myembamba kuliko ya kwao, lakini ilitosha. Kila wiki mbili moshi wake ulitoka, na majirani walijua.

"Mama Godelieve anapika tena Buleusa!" Mukankusi, jirani yake wa mkono wa kushoto, alikuwa akipaza sauti. "Tuletee na sisi mufuko moja ya msitu!"

"Weye ulizaliwa ku ng'ombe, utajua nini utamu ya majani?" Godelieve alimjibu, na wote wawili walicheka.

Mimi nilifika mwezi wa pili nikiwa na timu ya utafiti. Nilikuwa nimemaliza masomo ya afya ya jamii Goma mwaka uliotangulia, na kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali. Tulitaka kujua ni watu wangapi katika vilima vile wana ugonjwa sugu wa figo bila kujijua, na ni mazoea gani ya maisha yanayowafikisha huko. Tulipima presha, ambayo wenyeji huita tansiyo, tukachukua mkojo na damu kidogo, kisha tukajaza fishi, yaani fomu ya maswali, ya kurasa nne.

Mama Godelieve alijibu vizuri kuliko wote niliowahoji wiki ile. Sigara, hapana. Pombe ya ndizi, siku ya harusi. Vidonge vya maumivu?

"Vya mugongo? Kila siku ya soko. Nikibeba mihogo na mukanda ku kichwa, bila vile vidonge silale."

Nikaandika. Vidonge vile, vikimezwa kwa miaka mingi, huumiza figo. Nilifurahi kwamba swali langu lilikuwa limegusa jambo. Nikaendelea.

"Na chumvi, Mama? Pakiti moja munaimaliza siku ngapi?"

"Ya pakiti? Ile inanikalia mwezi mbili. Njo ya kupikia wageni." "Njo" ya huko ni "ndiyo".

Kwenye fishi kulikuwa na picha ya pakiti na visanduku vitatu: kidogo, wastani, nyingi. Nilitia alama kwenye kidogo. Nyuma ya Mama Godelieve, juu ya meko, tonge la kijivu lilikuwa limening'inia ndani ya majani yake, na mimi nilidhani ni dawa ya kienyeji au mbegu. Sikuuliza, kwa kuwa fishi haikuuliza.

Tansiyo yake ilikuwa juu sana. Damu ilionyesha kwamba figo zake zinafanya kazi chini ya nusu. Daktari wetu, Émile, alimwandikia dawa ya tansiyo, akamkataza vidonge vya mgongo, akaniachia mimi kumweleza kuhusu chakula. Nilimweleza kwa bidii zote. Nilimwambia chumvi ya pakiti ni adui wa tansiyo na kwamba ikiwezekana aiache kabisa.

"Hiyo haiko nguvu," alisema, yaani si kazi ngumu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesifiwa.

Tuliporudi baada ya miezi mitatu, tulimkuta amelala. Miguu ilikuwa mizito, moyo, alisema, unaruka kama chura. Kipimo kilionyesha potasiamu katika damu imepanda kupita kiasi, na potasiamu ikipanda hivyo moyo unaweza kusimama bila kuaga. Alipakiwa kwenye gari letu siku ileile hadi hospitali, akatibiwa siku nne.

Émile hakuelewa. "Anakunywa dawa yake sawasawa. Vidonge ameacha. Hii potasiamu inatoka wapi?"

Solange alikuwa amekaa kando ya kitanda akimenya embe bichi. Alitutazama kama watu wanaotafuta mlango wakiwa ndani ya nyumba.

"Kwani si mulimukataza chumvi ya pakiti?" alisema. "Sasa anatia ile yake. Mara mbili. Asubuhi anakunywa na maji yake, anasema ya kwetu ni dawa."

Alitufungulia kifurushi. Émile alivunja chembe, akaonja. Majivu ya mimea yamejaa potasiamu. Figo nzima huitoa ikapita na mkojo. Figo zilizochoka huiacha ndani. Nilikuwa nimemwondolea mama huyu chumvi moja na kumsukuma kwenye nyingine, na sikuwa hata nimeiuliza jina.

Alipopata nafuu, Émile alikaa kwenye ukingo wa kitanda chake.

"Mama, figo ni chujio. Damu inapita, uchafu unatoka."

"Sawa na kitunga yangu ya majivu."

"Njo vile."

"Kitunga ikioza, ninasuka ingine."

"Hii hatuna wa kuisuka, Mama. Tunachunga tu ile inabakia."

Alikubali kwa kichwa, polepole. Kisha akauliza swali ambalo, nilikuja kuelewa, alikuwa amelibeba tangu siku tuliyompakia kwenye gari. Njia ya kwao ilikuwa imetulia. Familia kumi na moja za Buleusa zilikuwa zimepatana kurudi pamoja msimu wa kiangazi, mwishoni mwa mwezi wa saba, walime kabla ya mvua. Solange na mumewe walikuwa katika orodha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandikwa wa kwanza.

"Nitaenda nao ao sitaenda?"

Émile hakupenda kujibu haraka. Alimwambia: wiki sita bila chumvi ya majivu hata chembe, dawa kila siku, kisha kipimo kingine cha damu. Potasiamu ikishuka na figo zikishikilia, watazungumza.

"Docta, unasema hivi: kama ninataka kwetu, niache ya kwetu."

"Ndiyo, Mama."

"Unajua kusumbua batu, weye."

Zile wiki sita niliziona kwa karibu, maana timu ilinibakiza Kashuga kuwafuatilia wagonjwa. Alilishusha tonge mwenyewe kutoka juu ya meko, akampa Solange alihifadhi. Kitunga alikifunika. Alichemsha mboga kwa maji mawili na kumwaga ya kwanza yaondoke na potasiamu, kama Émile alivyomfundisha, akala sombe, majani ya mihogo, isiyo na kitu. Tonge la kwanza la ugali alilitafuna kwa muda mrefu akitazama kilima.

"Iko namna gani, Mama?" nilimuuliza.

"Iko kama kuongea na muntu mwenye amefungwa kinywa."

Mukankusi naye hakumhurumia. Alikuja na sahani, akaonja, akatema kando. "Ah! Hii ni maji ya kuoshea miguu! Barthélemy angekuoa kweli?"

"Barthélemy alioa miguu, hakuoa mboga."

Lakini Mukankusi alipoondoka, Godelieve aliketi akanieleza mambo ambayo hayamo kwenye fishi yoyote. Kwamba mwaka wa tatu kambini alianza kusahau sauti ya mumewe. Kwamba mwaka wa tano alisahau ni kijito kipi kinatangulia unapoteremka kutoka kwa kaka yake, cha mawe au cha matope. Aliwauliza wenzake wa Buleusa, na kila mmoja alisema lake. Kitu kimoja tu hakikupotea. Akiweka chumvi ile ulimini, alisema, anaona kizingiti cha mlango wa mama yake, ufa ulipo, na mahali kuku alipokuwa akilalia mayai. "Munanikataza chumvi. Mimi ninaogopa kizingiti kitapotea."

Nilikaa naye.

Wiki ya nne walipikiana wale wa orodha, karamu ndogo ya kuagana na Kashuga. Mzee mmoja alileta nyama ya moshi, na mboga ilitiwa chumvi ya majivu aliyoitengeneza mwanamke mwingine. Harufu ilipofika, Godelieve aliinuka, akasema anaenda kuchota maji. Solange alimfuata na kumkuta kisimani bila dumu. Hakuwa amesahau dumu, Solange aliniambia baadaye. Alikuwa anangoja wale wamalize kula.

Damu ilichukuliwa Jumatatu ya wiki ya sita. Majibu yalikuja Alhamisi. Émile aliyasoma mwenyewe, na Solange alikuwapo.

"Potasiamu imeshuka vizuri. Mama, umefanya kazi ambayo wanaume wengi wanashindwa."

"Sema ingine. Uso yako iko na ingine."

Nguvu ya figo ilikuwa imeteremka tena, kidogo tu, lakini imeteremka. Kuanzia sasa angehitaji damu kupimwa kila mwezi, na dawa kubadilishwa kufuatana na damu. Buleusa hakukuwa na kipimo hicho. Mahali pa karibu penye kipimo palikuwa hapahapa Kashuga, kwenye kituo cha afya.

"Damu yangu haiwezi kutembea bila mimi?" aliuliza. "Solange ailete ku chupa. Bwana yake iko na miguu ya swala."

Émile alitabasamu kwa huzuni. "Siku tatu njiani, Mama, inaharibika. Tutasoma uongo."

"Na nikienda tu? Bila kukuomba?"

"Sitakufunga kamba. Unaweza kuishi vizuri miezi mingi. Ao siku moja moyo unaruka kama ile siku, na hakuna gari."

Solange alianza kulia. Akasema basi yeye pia habanduki, orodha waichane. Hapo Mama Godelieve alipandisha sauti, mara ya pekee niliyowahi kumsikia.

"Utabaki kufanya nini hapa? Kunihesabia vidonge? Nimekaa miaka tisa nikingoja muntu wa nyumba yetu arudie. Sikusema lazima akuwe mimi!"

Nadhani hata yeye hakuwa anajua jambo hilo mpaka alipolisikia likitoka.

Katika wiki zilizobaki alimfundisha Solange kila kitu alichokuwa akimwahidi kumfundisha wakifika: ni mmea upi unachomwa na shina lake, upi na majani tu, maji yamwagwe kwa kasi gani. Alikaa mbali na moshi, akielekeza kwa fimbo. Tonge lilipokauka, hakulionja. Alimwambia Solange aonje, huku akimtazama usoni.

"Inakuuma pembeni ao katikati ya ulimi?"

"Katikati."

"Bado. Rudisha ku moto."

Timu yetu nayo ilibadilisha kitu. Fishi ya kambi zilizofuata, na ya eneo la Mushaki baadaye, ilikuwa na mstari mpya: chumvi ya majivu, nani anaitengeneza, mara ngapi. Katika watu mia moja wa kwanza tuliowauliza, kumi na tisa walisema ndiyo. Émile alitaka mstari huo uitwe kwa jina la kemikali. Nilimwomba tuuandike kama wanawake wanavyousema.

Familia za Buleusa ziliondoka alfajiri moja ya mwisho wa mwezi wa saba, ukungu ukiwa bado bondeni. Mama Godelieve aliwasindikiza mpaka pale njia inapoanza kupanda. Solange alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani.

"Ukifika, enda kwanza ku kaburi ya papa yako," Godelieve alimwambia. "Halafu shuka ku mito. Uangalie gani njo ya kwanza, ya mawe ao ya matope. Unitumie neno na muntu wa kwanza mwenye atakuya."

"Nitatuma, Mama."

"Usinidanganye kunifurahisha."

"Sitakudanganya."

Aliwatazama mpaka kilima kikawameza. Kisha akaniuliza kama kituo cha afya kilikuwa kimefunguliwa tayari, kwa kuwa siku ile ilikuwa yake ya kupimwa damu, naye hakuwa amekula, kama alivyoagizwa. Tuliteremka pamoja. Njiani tulifikiwa na mwanamume mmoja mwenye mizigo akitokea juu, na Mama Godelieve alimsimamisha, akamsalimu, akamuuliza anatoka upande gani.