Nilivyotafsiri "tight end" nikamfanya mpwa wangu awe wa mwisho Amerika

Wakuu, hamjambo humu ndani. Ninayoandika hapa yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki. Kama kuna mahali nimepunguza chumvi, nimepunguza kwenye ujinga wangu, ili msinidharau kabla hatujafika katikati.

Kwanza mnijue. Nakaa Voi. Nimefika umri wa kusoma simu nikiwa nimenyoosha mkono. Nina digrii mbili za lugha, nafundisha kidogo, naandika makala ambazo watu huzisifu bila kusema kama wamezisoma.

Kwenye ukoo wetu, Kiingereza chochote kigumu huletwa kwangu. Barua ya hospitali, maelezo ya dawa ya mbuzi, masharti ya bima. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua. Na mimi sijawahi kusema sijui.

Shida ilianzia hapo.

Dada yangu mkubwa, Mkawasi, aliolewa Mboghoni, kule Taveta. Analima nyanya na ndizi kwa maji ya mfereji. Mwanawe Mwadime ni mtu mkubwa. Sisemi mnene, nasema mkubwa. Akisimama mlangoni, mliomo ndani mnawasha taa.

Sekondari alicheza raga na kurusha tufe, na tufe ndilo lililompeleka chuo kimoja Amerika, sehemu ya mahindi matupu. Alipotuma picha, dada alizikagua moja moja akauliza, "Sasa hii si Njukini, hapa jirani?"

Huko chuoni, kocha wa ule mpira wao wa kuvaa helmeti na kugongana alimwona akipandisha friji ngazi peke yake, akimsaidia mwenzake kuhama. Mwaka uliofuata tufe likawekwa kando na ufadhili wake wa masomo ukahamishiwa kwenye mpira. Hilo mlishike: bila mpira, hakuna chuo.

Siku moja akaandika kwenye group ya familia: "Nimepata namba kwenye timu. Nitacheza tight end."

Group ikajaa amina. Kisha binamu yetu Mghanga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Voi na muda mwingi wa kukaa ndani yake, akaandika: "Mwalimu, hebu tufafanulie."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kumuuliza Mwadime. Lakini mtu mwenye digrii mbili haulizi mpwa wake mbele ya ukoo. Nikalitazama neno "end". Nikalitazama neno "tight". Nikaandika, na hapa najinukuu kwa aibu: "Position yake ni ya mwisho, pale pamebana."

Wakuu, nyote mmepita shule za Kenya. Mnajua position ni kitu gani. Position si mahali mtu anaposimama uwanjani. Position ni ile namba kwenye report form inayosema umekuwa wa ngapi kati ya wangapi, na ndiyo inayoamua sura ya mzazi wako likizo nzima.

Dada alipiga simu kabla sijaweka yangu mezani.

"Wa mwisho?"

"Ndiyo, Dada. Yuko mwisho."

"Kati ya wangapi?"

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba upande unaoshambulia una wachezaji kumi na mmoja. "Kumi na mmoja," nikasema, nikijisikia mtaalamu.

"Kwa hivyo ni wa kumi na moja kati ya kumi na mmoja."

"Kabisa."

"Na tena pamebana."

"Pamebana sana, Dada."

Akakata. Nikadhani ni mtandao wa Mboghoni.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda dukani kwa Mghanga, tukatazama kwenye simu mechi iliyochezwa jana yake. Mwadime alikuwa amevaa namba themanini na sita. Hakugusa mpira hata mara moja. Kila mchezo ukianza, anamkumbatia mtu na kumsukuma mpaka filimbi ilie.

"Huyu anacheza," Mghanga akauliza, "ama anaamua ugomvi?"

Mimi, kama mtaalamu wa ukoo, nikatoa ripoti kwenye group: "Nimeitazama mechi yote. Hajagusa mpira."

Jioni hiyo hiyo Mwadime akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kwa mtu wa ukubwa ule, sauti ikiwa ya chini unashtuka.

"Anko, Mama amesema niache mpira nishike vitabu. Ati hakunizaa nikashike mkia ugenini. Kesho asubuhi naenda kumwambia kocha."

"Na ufadhili?"

"Utaisha. Disemba nitakuwa nyumbani."

"Si umweleze vile kazi yenyewe ilivyo?"

"Nimemweleza. Amesema wewe ndiye umesoma."

Nikaukumbuka ule ujumbe wangu kwenye group.

"Anko," akauliza kwa heshima zote, "kwani ulimwambia nini?"

Hapo ndipo nilipofanya kitu nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikamwomba anifundishe. Akaniambia anasimama mwisho wa ule mstari wa watu wakubwa walioinama, pembeni kabisa, na ndiyo maana ya "end". Ni "tight" kwa sababu ameshikana na mstari, hayuko mbali kama wale wa mbio. Mwenzao akikimbia na mpira, yeye anazuia wanaomfuata. Wapinzani wakishazoea kwamba huyu kazi yake ni kuzuia tu, anajifanya anazuia, kisha anaponyoka na kurushiwa mpira. Wakubwa hawawezi kumkimbiza na wepesi hawawezi kumwangusha.

"Sasa mechi ya jana ulirushiwa mara ngapi?"

"Hakuna, Anko. Lakini kocha alisema nilicheza vizuri kuliko mechi zote."

Nikampigia dada. Hakupokea. Jumatatu ilikuwa zamu yake ya maji, na siku ya maji huacha simu nyumbani kwa sababu ile ya kwanza iko mferejini mpaka leo. Asubuhi ya Mwadime ni jioni yetu. Alikuwa na miadi na kocha saa tatu asubuhi, yaani kwetu saa kumi na moja jioni.

Jumatatu nikapanda gari la Taveta na shati la kazini, viatu vya ngozi, na maelezo ya Mwadime niliyoyaandika nyuma ya bahasha. Kutoka Taveta mjini nikachukua bodaboda. Kufika shambani ilikuwa inakaribia saa tisa.

Nilimkuta dada ndani ya gamubuti, jembe mkononi, maji yakishuka kwa nguvu. Hakusimama kunisalimia.

"Dada, nimekuja kuhusu Mwadime."

"Naona. Shika jembe. Utaongea ukiziba."

"Nizibe nini?"

"Hapo mwisho wa mstari! Maji yanatoroka yanaenda kwa jirani. Ziba hapo, yageuke yaingie kwa nyanya."

Wakuu, nilisimama katikati ya mkondo nikiwa nimetanua miguu kama kipa. Maji yakapita katikati ya miguu. Nikatupa udongo, ukaenda na maji. Nikatupa kipande cha mgomba, nacho kikaenda, na kiatu changu kimoja nyuma yake.

"Usisimame kama unapigwa picha!" dada akapiga kelele. "Kaa kando! Shuka chini! Weka gunia kwanza, halafu mguu nyuma ya gunia, halafu udongo. Usishindane na maji. Yaonyeshe pa kupita."

Nikashuka chini. Nikaweka gunia, nikaweka mguu, nikaegemea. Na kweli maji yakagoma kidogo, yakageuka, yakaanza kuingia kwenye nyanya polepole.

"Haya," akasema. "Sasa kaa hapo hapo. Usitoke."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mistari yote inywe. Huu wako ni wa mwisho. Wengine wakishakunywa, ndipo unaachilia hapo kidogo, na wewe unapata yako."

Bahasha ilikuwa imelowa mfukoni na sikuihitaji tena.

"Dada," nikasema kutoka matopeni, "hii ndiyo kazi ya Mwadime."

"Kazi gani?"

"Hii. Position si namba ya darasa. Nilikosea. Ni mahali anaposimama. Anasimama mwisho wa mstari, anaziba. Mwenzake anapita na mpira pale alipozibia. Halafu wakishamsahau, anaachilia, na yeye anapata wake."

Kwa mara ya kwanza dada akasimama. "Anaziba?"

"Anaziba."

"Na wewe ukaniambia ni wa mwisho kati ya kumi na mmoja."

"Ndiyo, Dada."

"Na pamebana."

"Ndiyo, Dada."

Alinitazama nilivyokuwa, nimekaa kwenye maji mpaka kiunoni na kiatu kimoja. Nadhani aliona adhabu imeshaanza yenyewe, akaamua asiongeze.

"Nionyeshe," akasema.

Nikatoa simu, ambayo Mungu alikuwa ameiweka kwenye mfuko wa shati. Tukakaa kwenye ukingo, mguu wangu ukiwa bado nyuma ya gunia. Nikamwekea ile mechi. Mimi, kwa mazoea, macho yangu yalikuwa yakifuata mpira. Dada hakuutazama mpira hata mara moja. Alitazama miguu ya namba themanini na sita.

"Angalia hapo," akasema. "Ameshuka chini. Ameweka mguu nyuma. Hiyo nilimfundisha mimi, hapa hapa."

Mchezo mwingine. Mwenzake Mwadime akakimbia na mpira, akapita upande wa kulia, watazamaji wakasimama.

"Kwa nini wanamshangilia huyo?" dada akauliza.

"Ndiye mwenye mpira."

"Lakini aliyefungua njia ni huyu wangu."

"Ndiyo."

"Hawaoni?"

"Hata mimi sikuona, Dada. Niliandika kwenye group kwamba hajagusa mpira."

"Nilisoma," akasema. "Kila mtu alisoma."

Saa kumi na nusu akaninyang'anya simu akampigia. Akaiweka kwa sauti ya juu, kwa hivyo ninawaletea yaliyosemwa yote.

"Mwadime, umeshaenda kwa huyo kocha?"

"Bado, Mama. Ndio navaa viatu."

"Vua."

"Mama?"

"Kumbe kazi yako ni kuziba! Mbona hukusema?"

"Nilisema, Mama. Nilisema nablock."

"Sasa block ni nini? Block si ni ya kujengea nyumba? Ungesema kuziba."

Kisha tukasikia kicheko, halafu ile pumzi ya mtu aliyekuwa amebeba kitu tangu jana.

"Kwa hivyo niendelee, Mama?"

"Endelea. Lakini mguu wa kushoto unauchelewesha. Ukichelewa hivyo huku Mboghoni nyanya zinakufa."

"Kocha pia amesema hivyo."

"Basi kocha anajua kazi. Na vitabu pia ushike."

Akanirudishia simu na jembe kwa pamoja. Mistari miwili ilikuwa bado haijanywa.

Wiki chache baadaye Mwadime alijifanya anaziba, akaponyoka, akarushiwa mpira na kufunga. Group ililipuka. Mghanga akabadilisha picha ya group ikawa namba themanini na sita. Mimi nikatunga ujumbe mrefu wenye maneno kama "mkakati" na "unyumbufu".

Kabla sijautuma ikaingia voice note ya dada, maji yakisikika nyuma: "Nimeona. Hongera. Sasa alipoondoka kwenda kushika mpira, ni nani alibaki akiziba?"

Nikaufuta ujumbe wangu.

Nililojifunza ni dogo na limenichukua miaka hamsini na kiatu kimoja: ukiombwa kutafsiri kitu usichokijua, sema hukijui, kisha uliza anayekifanya. Nilisoma lugha kwa digrii mbili, na neno nililolihitaji lilikuwa linatumika kila zamu ya maji pale Mboghoni.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Kama na wewe ulishawahi kuutafsiria ukoo kitu ukauvuruga, kiweke hapa tucheke pamoja. Na wanaoujua mpira huu wanisahihishe bila huruma, nimezoea.

Ila msiniulize position yangu kwenye ukoo kwa sasa. Ni ya mwisho. Kati ya wangapi, mwulizeni dada.