Injini ya Marehemu Bun-hiong

Gin-hua alikuwa mwoga, na hakuna aliyejua. Wale wazee waliomngoja kila asubuhi juu mlimani, na fimbo zao na vikapu vyao vya plastiki, walidhani ni jiwe la mwanamke. Na ungewalaumu? Mama wa makamo, mnene, kofia ya kitambaa imemfunika mpaka shingoni, anapandisha kigari cha buluu kilichosheheni kabichi, tofu, samaki wa barafu na nyama ya nguruwe, spika juu ya paa inapiga kelele: "Mboga zimefika! Mayai yamefika! Tokeni kabla sijaondoka!" Ile barabara ina kona ambazo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Yeye anazikata huku anatafuna karanga.

Lakini aliogopa, tena sana. Si kufa, kufa kila mtu atakufa. Aliogopa kufia njiani. Kwetu mtu akifia njiani, roho yake haijui pa kwenda. Lazima watu wake waende pale pale alipoangukia, wamwite kwa jina lake, na wakati wa kurudi wamtangazie kila daraja na kila handaki: tunavuka, tufuate, usibaki. Asiyetangaziwa anabaki ng'ambo ya maji anazubaa, anapigwa na mvua, milele. Sasa yeye angeitwa na nani? Hakuolewa. Mtoto hana. Wazazi walishatangulia, na kaka yake wa pekee yuko nchi za mbali, hata simu ya mwaka mpya hapigi mpaka akumbushwe. Na mwanamke asiyeolewa, msinifanye niseme mengi, hana hata nafasi kwenye madhabahu ya kuwakumbukia wafu nyumbani kwa babake mwenyewe.

Watu walimtania kwamba ameolewa na gari. "Dada, mumeo leo anakohoa!" Naye alicheka nao kwa sauti kubwa. Akibaki peke yake kwenye kona, alishika usukani mpaka vidole vinakufa ganzi.

Basi mwezi wa sita, kimbunga kimepita na barabara ndiyo kwanza imefunguliwa, mume huyo akafa kweli. Kwanza iliwaka taa nyekundu ya oili. Gin-hua aliiona, akajidanganya kwamba itazimika. Haikuzimika. Kwenye kona ya tatu kukatokea kishindo chini ya kiti, kama mtu amepiga sufuria kwa nyundo, halafu moshi, halafu kimya. Gari likasimama. Kisha, taratibu, likaanza kurudi nyuma.

Alivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Alipopata ujasiri wa kushuka na kuangalia, tairi la nyuma lilikuwa limekanyaga nyasi za ukingoni, na kabichi zilikuwa zinabingirika korongoni moja baada ya nyingine. Hakupiga ukelele. Alitaka, sauti haikuwepo. Alikaa chini katikati ya lami mpaka lori la mbao likamkuta.

Fundi Khun-san, gereji yake iko pale panapoanzia mlima, aliinua viti vyote viwili, maana injini ya vigari hivi inakaa chini ya makalio ya watu, akachungulia kwa muda mrefu, shavu limejaa tambuu.

"Fundi, sema."

"Nisemeje, dada? Beringi za krenki zimekwisha, pistoni moja imetoboka, silinda zimechubuka kama magoti ya mtoto. Ulikuwa unaendesha au unakaanga?"

"Usinichezee. Inatengenezeka?"

"Kila kitu kinatengenezeka. Nitaifumua yote, bloku ikachongwe, niweke pistoni mpya na ringi mpya, krenki isuguliwe. Lakini bloku hii imekula joto, dada. Leo itakaa sawa. Kesho ikipasuka kwenye kona ile ile, usije ukanitafuta."

"Nitakutafutaje, na mimi nitakuwa maiti?"

"Ndiyo maana nakwambia mapema." Akatema tambuu pembeni. "Ama tuiache hii, tufunge nyingine. Ipo moja kwenye yadi ya magari mabovu hapo chini. Gari kama hili hili, hata rangi. Nimeisikiliza, inanguruma kama paka aliyeshiba. Keshokutwa uko barabarani."

Alisema maneno hayo akiangalia ndala zake.

"Mbona unaangalia ndala?"

"Nani anaangalia ndala?"

"Khun-san. Mwenye gari hilo yuko wapi?"

"Yupo," alisema fundi. Akajikuna shingo. "Yaani, hayupo."

Mama wee! Gin-hua akajua kabla hajaambiwa. Alikuwa ni Bun-hiong, yule mchukuzi wa tangawizi wa kijiji cha juu kabisa. Siku ya kimbunga ukingo wa barabara ulimegeka, gari likanasa kwenye mianzi, yeye akarushwa mlangoni akaingia mtoni. Gari halikuharibika sana. Yeye walimpata siku kadhaa baadaye, chini kabisa, penye mawe.

"Unataka nimkalie marehemu!" Gin-hua alifoka. "Nimkalie kabisa, hivi, nimsikilize ananguruma!"

"Injini ni chuma tu, dada."

"Chuma tu? Basi ifunge kwenye gari lako."

Khun-san akarudia kuangalia ndala zake, maana na yeye ni mtu wa hapa hapa. Juu ya kila mashine yake mle gerejini kuna pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, zile za kubembelezea mashine zisilete ukorofi, na ole wake mwanafunzi atakayeifungua.

Hebu mfikirie mwanamke huyo. Akitengeneza yake, kila kona ataogopa bloku isipasuke. Akifunga ya marehemu, kila kona atamwogopa marehemu. Na mwezi wa saba ungeingia wiki ijayo, mwezi wa mizimu, ambao mtu mwenye akili zake hanunui hata baiskeli. Huko mlimani wazee walikuwa wanapiga simu: tofu iko wapi, binti? Mayai yamekwisha, binti. Alikwenda hekaluni, akapiga magoti, akavitupa vile vipande viwili vya mianzi tunavyoulizia. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, ni ndiyo. Vyote kifudifudi, hapana. Vyote chali, mungu anakucheka. Naye akauliza: "Nitengeneze au nibadilishe?" Vyote chali. Akarudia. Vyote chali. Angejibiwaje vingine! Hata mtoto anajua mungu haulizwi maswali mawili kwa mpigo. Lakini mwenye hofu anasahau hata adabu ya kuuliza.

Basi akaamua mwenyewe. Kesho yake aliingia gerejini akiwa tayari kusema, "Fumua hiyo hiyo yangu, liwalo na liwe." Ile injini ya mtumba ilikuwa imeshaletwa, imelazwa juu ya tairi kuukuu, na pembeni yake, juu ya ndoo ya oili iliyopinduliwa, alikaa mwanamke mwembamba mwenye kipande cha nguo ya matanga kwenye mkono wa blauzi. Khun-san alikuwa amejificha chini ya gari la mtu, na hakuwa na kazi yoyote huko.

"Wewe ndiye dada wa mboga?" mwanamke aliuliza. "Mimi naitwa Li-chu. Mke wa Bun-hiong."

Gin-hua alirudi nyuma hatua moja. Hakuweza kujizuia.

"Yadi waliniambia nani anaichukua," Li-chu akaendelea. "Dada, tumemwita pale mtoni mara nyingi, mpaka kuhani amechoka na sisi. Hataki kuja. Kila tukirusha vipande, kifudifudi vyote. Shemeji zangu wanasema amebaki garini, kwa vile alilipenda kuliko sisi. Na gari wameshalikatakata. Kilichobaki ndicho hiki." Aliigusa injini kwa kidole, kama mtu anayejaribu chai ya moto. "Nakuomba uifunge. Tupande nayo mpaka nyumbani, mimi na wewe. Mara moja tu. Baada ya hapo ni yako."

"Dada, pole sana na msiba," Gin-hua alisema. "Lakini sikufichi. Naogopa."

"Unamwogopa nani? Bun-hiong?" Li-chu akacheka, cheko la mtu aliyelia mpaka akakauka. "Mtu aliyekuwa analala taa inawaka! Mjusi akilia ukutani, ananiamsha nikamfukuze. Chooni usiku nampeleka mimi, nasimama mlangoni naimba ili ajue nipo."

"Mwanamume mzima?"

"Mwanamume mzima, na sharubu zake! Watu wa kijijini hawajui, usimwambie mtu." Kisha cheko likakatika. "Sasa yuko huko peke yake, dada. Giza. Hajui njia. Yeye ndiye anayeogopa."

Hapo Gin-hua alishikwa mahali ambapo hakutegemea. Tangu lini amesikia mtu mwingine akiisema hofu yake, tena kwa jina la maiti? Aliitazama ile injini, chuma kilichopakaa grisi, waya zimening'inia. Aliiogopa vilevile. Hofu haikupungua hata punje.

"Khun-san!" akaita. "Toka huko chini, mnafiki wewe. Funga hii."

Walipanda asubuhi, jua limetoka. Li-chu alikaa kiti cha abiria, shati la mumewe limekunjwa mapajani, udi unafuka mkononi. Injini iliwaka mara ya kwanza tu, ikavuta vizuri, bila kelele, kuliko ile ya zamani ilivyowahi kuvuta, na hilo lilimtisha Gin-hua zaidi. Kama huyo marehemu ni mzima hivi, ana nguvu hivi, atashindwa kufanya nini?

Kwenye daraja la kwanza Li-chu alitoa kichwa dirishani. "Bun-hiong! Daraja! Tunavuka, tufuate!" Nywele zikamsimama Gin-hua. Handaki. "Bun-hiong, handaki hilo, lina giza lakini ni fupi, tufuate!" Daraja la pili. La tatu. Gin-hua hakuthubutu kuangalia kioo cha nyuma, asije akaona kitu.

Halafu wakafika pale. Mahali penyewe palijulikana kwa pengo ukingoni, lililozibwa kwa mianzi mitatu na utepe wa njano. Chini, maji yanasikika. Li-chu alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, midomo inatetemeka tu, macho yamekazia lile pengo.

Na injini ikakohoa.

Khun-san alikuja kusema baadaye kwamba ni hewa kwenye bomba la petroli, kwamba ni kawaida, kwamba hata gari jipya hufanya hivyo. Sawa. Yeye hakuwepo. Gari lilipungua mwendo, likakohoa mara ya pili, na Gin-hua aliusikia mlima unamvuta nyuma, kama siku ile ya kabichi. Akasema moyoni, ndiyo leo. Hapa hapa. Na mimi sina wa kuniita. Pembeni yake mjane amekuwa bubu. Kisha akasikia mtu anapiga kelele, na mtu huyo alikuwa ni yeye mwenyewe.

"We Bun-hiong! Kaka! Hapa si kwako! Usishuke hapa! Hunijui, mimi ni Gin-hua wa mboga, lakini nifuate mimi! Mkeo huyu hapa, shati lako hili hapa! Kona hii, shika vizuri! Twende nyumbani, mwoga we, mwoga mwenzangu, twende!"

Analia, anakanyaga mafuta, anatukana, anabembeleza, vyote kwa pamoja. Injini ikakwama kidogo, ikashika, ikavuta. Pengo likapita. Alizidi kupiga kelele mpaka kijijini, kila kalvati akaliita daraja, hata mfereji wa kumwagilia chai, asije akamwacha kwa uzembe.

Alisimama mbele ya nyumba, hakushuka. Li-chu alipiga magoti mlangoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Umefika?" akarusha. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Akarusha tena. Vilevile. Mara ya tatu vilevile. Hapo ndipo alipolia kilio ambacho majirani walikisikia mpaka mashamba ya tangawizi, na Gin-hua garini aliziba uso kwa kofia yake.

Baadaye Li-chu alimletea maji na pipi moja, ya kuondolea mkosi wa matanga. Gin-hua alishuka, wakakaa kwenye kizingiti.

"Pale mimi sauti ilikataa," Li-chu alisema. "Umemwita wewe."

"Nilikuwa naogopa tu, dada. Mwoga hupiga kelele."

"Ulisema mwoga mwenzako."

Gin-hua alifungua karatasi ya pipi, hakuila. Li-chu alimtazama, akaitazama barabara inavyoshuka, kona juu ya kona, ambayo mgeni wake alipaswa kuishuka peke yake, na kesho tena, na kesho kutwa.

"Na wewe je?" akauliza. "Likitokea la kutokea, nani atakuja kukuita?"

Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Walimtania tu.

"Hakuna," alisema.

"Basi nitakuja mimi. Daraja kwa daraja, na nitayataja yote." Li-chu akajifuta pua kwa mkono. "Ila usife upesi, nina magoti mabovu. Haya, niambie jina lako kamili na la ukoo. Siwezi kwenda pale nikaita 'wa mboga, wa mboga', watakuja wauza mboga wa mkoa mzima."

Gin-hua akacheka, akajifuta macho kwa kofia.

"Khu," alisema. "Khu Gin-hua."

Li-chu alilirudia polepole, mara mbili, asije akalisahau.