Mdadisi Namba 14 Hataki Kusafishwa Kimya Kimya

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Dodoso amesimama nje ya chumba cha kumi na saba, mkoba begani, kalamu mkononi. Mwenye chumba, kibarua wa kiwanda cha magunia, anatoka na mswaki mdomoni.

"Mama, si ulikuja mwezi ule? Maswali yameota tena?"

"Hayajaota, baba. Leo nataka uniambie kitu kimoja tu. Mimi nilifika hapa, au sikufika?"

"Ulifika! Si uliikalia ndoo yangu hiyo mpaka ikapasuka?"

Mama Dodoso anacheka, anampa karatasi asaini, anahamia chumba cha kumi na nane. Kazi hii ya leo hakuna anayemlipa.

Jina hilo la Dodoso alipewa na watoto wa kambi hii ya wafanyakazi wa kiwanda, kwa sababu kila akija anakuja na dodoso, yale maswali marefu ya utafiti. Yeye ni mdadisi. Hupita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wamekula mara ngapi, wanalala wangapi, maji wanachota wapi. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mitatu na kuumwa na mbwa mara mbili. Siku moja ni kaya sita; akirudi na tano halipwi, jua limempiga bure.

Mwezi uliopita taasisi anayoifanyia kazi iliandaa warsha ya siku tano kwa watafiti wa sayansi za jamii, kuwafundisha modeli za juu za takwimu. Yeye hakuitwa kujifunza. Aliitwa kugawa makabrasha na maji ya kunywa. Alikubali bila kinyongo, maana kati ya utafiti mmoja na mwingine mdadisi hukaa benchi.

Siku ya tatu mkufunzi aliwasha projekta. "Leo nawaonyesha modeli inavyomnasa mdadisi mwongo," akasema. Ukutani pakatokea nukta zilizotawanyika, na pembeni rundo moja jekundu limebanana. Juu yake paliandikwa: Mdadisi namba 14.

Namba 14 alikuwa nyuma ya ukumbi, amekumbatia katoni ya maji.

"Kaya arobaini na nne, majibu karibu yote yanafanana," mkufunzi aliendelea. "Huyu alikaa kwake, miguu juu, akajijazia." Ukumbi ukaangua kicheko. Watu thelathini na wawili, na shahada zao!

"Masikio yaliniwaka moto," anasimulia. "Nikatamani ardhi ipasuke nizame. Halafu nikajiuliza, kwa nini nizame mimi? Azame yeye."

Alinyoosha mkono. Akaambiwa maswali ni ya washiriki.

Alichotaka kusema ni kifupi. Kaya zile zote ziko kwenye kambi hii moja ya kiwanda. Mshahara wao ni mmoja, bomba ni moja, vyumba vina kipimo kimoja, na mshahara ukichelewa wote hushinda njaa wiki ileile. Wangejibu tofauti, hapo ndipo pangekuwa na uongo.

Kinachokera zaidi ni kwamba siku ya kwanza ya warsha ilikwisha yote kwa somo hilohilo: watu wanaoishi pamoja hufanana, na modeli lazima ielezwe nani anakaa na nani. Mama Dodoso alijaza jina la kambi kwenye kila kaya. Karani wa takwimu wa taasisi anakiri kuwa safu hiyo ilifutwa na mkufunzi wakati wa kuandaa mfano, ili mchoro usijae.

"Wamefundishana Jumatatu, Jumatano wamesahau," anasema, sasa sauti imepanda. "Halafu aibu nile mimi!"

Wiki iliyofuata aliondolewa kwenye orodha ya utafiti ujao. Barua haikumwita mwongo. Ilitaja "ubora wa takwimu", maneno laini ya watu wasiotaka kuulizwa.

Bintiye, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, aliiona picha ya mchoro ule kwenye kundi la darasa lao. "Mama, hii namba si yako?" aliuliza. Mama akaitikia. Kesho yake Mama Dodoso alianza kuzunguka kambi kukusanya saini. Mpaka sasa anazo arobaini na moja. Familia tatu zimehama.

Mkuu wa mafunzo wa taasisi haoni kubwa hapo. "Ule ni mfano wa kufundishia tu, na jina halikutajwa," anasema. Yuko tayari kuuondoa mfano na kumrudisha mama kazini, mradi yaishe kimya kimya. Kambi yenyewe hajawahi kuikanyaga.

Mama Dodoso amekataa. Awamu ya pili ya warsha inaanza Jumatatu, na washiriki ni walewale. Atakwenda na saini zake, na atarudi kwenye orodha siku mkufunzi atakaposimama mbele ya watu hao aseme alikosea.

Dada yake mkubwa anamwona kama amerukwa na akili. "Mdogo wangu, umerudishiwa kazi yako, ichukue. Heshima utaipika?"

Yeye anatikisa kichwa. Chumba cha thelathini na moja, anasema, kuna mama aliyemsimulia habari za mtoto wake wa miezi minne aliyefariki. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu zaidi ya mumewe. Swali lilikuwa moja tu, watoto waliofariki ni wangapi, na jibu likajazwa: mmoja.

"Wakisema nilijijazia nyumbani, basi yule mtoto nilimtunga mimi," anasema. "Waniangalie usoni Jumatatu, waniambie hakuzaliwa."