Vumbi la Ndani

Fundi wa kompyuta aliye mkabala na duka langu la vitenge hauzi mashine bila kuifungua. Mteja akisifia ile ndogo, nyembamba, isiyojaza meza, yeye hutoa kifuniko na kumwonyesha: "Angalia, humu hamuna nafasi. Kesho ukitaka kuongeza kitu, utaweka wapi?" Kisha hufungua ile kubwa na kupapasa nafasi zake tupu polepole, kama mtu anayekagua vyumba vya nyumba anayotaka kuhamia. Lakini kwanza, siku zote, husafisha. Vumbi jekundu la mji wetu wa migodi, Kolwezi, huingia kila mahali, naye halivumilii hata kidogo. Hutoa brashi mfukoni, hupiga magoti, hupuliza mpaka machozi yanamtoka.

Wiki jana Mama Elisée alimletea kompyuta kubwa ya mwanawe, aliyefukiwa na udongo shimoni akichimba madini ya kobalti, akafa. Mama amehamia chumba kimoja. Alitaka abadilishiwe ndogo. Fundi akaifungua, brashi tayari mkononi. Vumbi lilikuwa limetanda ndani, na juu yake alama za vidole. "Alikuwa anaifungula ye mwenyewe," mama alisema, "kila akitoka ku shimo, bila hata kunawa." Nilingoja fundi aanze hotuba yake ya nafasi. Alirudisha brashi mfukoni, akakishika kifuniko kwa mikono miwili na kukifunga taratibu. "Mama, turudishe hii ku nyumba. Tutaipatia nafasi." Akaibeba mwenyewe, kifuani, akikwepa kila shimo la barabara ili alama zile zisifutike.